Kitufe cha Kuficha

Geti lililia, na mkono wake ukakosea.

Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, kwenye ile meza ya pembeni karibu na kabati, akimwandikia shangazi yake. Juu ya dirisha la barua kulikuwa na vitufe vitatu vilivyobanana kama watu waliogawana benchi moja: cha kuficha, cha kupanua na cha kufunga. Yeye alitaka cha kuficha, ili barua itoweke na kwenye kioo yabaki makadirio ya mageti ya mumewe. Lakini vidole vilikuwa vimeshaingiwa na baridi ya woga. Kishale kikateleza upana wa punje ya mchele, kikaangukia cha kupanua. Badala ya kutoweka, barua ikajaa kioo kizima, herufi nene kama za tangazo la mkutano: Shangazi, amenipiga tena.

Mabuti yalikuwa yameshafika barazani. Akainama chini ya meza, akachomoa waya wa kioo ukutani.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea. Alitengeneza mageti, milango ya chuma na nondo za madirisha, na mtaa mzima ulimwita Fundi Geti. Alikuwa mtu wa kucheka na watu. Mlango wako ukikwama, alikuja na nyundo yake na kukataa malipo. Ukimwambia jirani kwamba mkono ule ule uliochomelea geti lake unampasua mke mdomo, jirani angekuuliza umekula nini.

Aliingia akanusa hewa ya chumba kama anayetafuta kitu kilichooza. Akauliza makadirio ya mteja wa kesho yako wapi. Mke akajibu kwamba umeme ulikuwa unasumbua, kompyuta imezimika yenyewe. Fundi Geti akaitazama taa iliyokuwa ikiwaka juu ya vichwa vyao, akamtazama mkewe. Kofi likamkuta sikioni. Alipoanguka alijigonga kwenye kona ya kabati, na kabla hajajua yuko wapi, buti likamfikia ubavuni. Halafu mume akavuta kiti, akakaa, akaomba chai.

Alikunywa huku akisimulia habari za mteja aliyetaka geti lenye maua.

Kompyuta ile ilikuwa ya mdogo wa mke, kaka aliyemfuata tumbo moja. Kijana huyo aliajiriwa kwenye ofisi ndogo iliyokuwa ikiunda mfumo wa kompyuta za mezani, yaani kile kinachokuja kwenye kioo ukishawasha, kabla hujafungua chochote. Wengine pale walishughulika na mambo ya ndani yasiyoonekana. Yeye alipewa kingo za madirisha na vitufe vyake vitatu. Ukoo ulimcheka sana. Mjomba mmoja aliuliza kwenye harusi kama ni kweli mtu mzima anaamka asubuhi, anavaa viatu, anakwenda kuchora alama ya kujumlisha iliyolala upande, kisha anarudi nyumbani amechoka. Kijana alijibu kwamba ndiyo, na siku nyingine alama yenyewe inagoma kulala. Tangu siku hiyo wakamwita Vitufe.

Ofisi yao ilikuwa na desturi kwamba toleo jipya halitoki mpaka ndugu wa wafanyakazi walitumie kwanza majumbani mwao. Mkuu wa ofisi aliamini kwamba mfanyakazi mwenzako atakusifu, lakini ndugu yako atakusema. Ndiyo maana Vitufe alimletea dada yake kompyuta ya majaribio, na Fundi Geti akairuhusu ikae kwa kuwa mke angemwandikia makadirio na risiti bila kulipa mtu. Dada alikuwa na jicho. Kila alichokiona kimekaa vibaya alikisema, na pale ofisini, watu ambao hawakuwahi kumwona walimwita Bi Kidole. Walikuwa wakiambiana, hili bado, Bi Kidole hajaligusa.

Jumapili iliyofuata Vitufe alikuja na mkasi na boksi la viatu. Ndivyo alivyofanya kazi. Kabla ya kuchora kitu kwenye mashine, alikikata kwanza kwa karatasi ngumu, akakibandika mezani na kumwambia mtu akiguse upesi bila kukitazama sana. Alisema kioo kinadanganya macho, ila kidole hakidanganyiki. Akakata vipande vitatu, akavipanga kama vilivyo kwenye mfumo, akamwambia dada yake aguse cha kuficha.

Dada akagusa. Akagusa tena. Kila mara alipatia.

"Sasa shida iko wapi?" Vitufe akauliza. "Uliniambia vinakaribiana mno. Mbona unavipiga kama ngoma?"

"Vitenganishe tu."

"Mkuu anasema vikitengana vinakuwa kama meno yaliyong'oka. Anataka vishikane, vipendeze. Na kwa mkono uliotulia, dada yangu, nafasi hii inatosha kabisa."

"Nani kakwambia mkono wa mtu umetulia?"

Akacheka. Alidhani ni utani wao wa siku zote. Akapanga upya vipande, akamwambia ajaribu mara ya mwisho, na dada alipokuwa ananyoosha kidole, geti la nje likalia.

Kidole kikaruka. Hakikugusa cha kuficha wala cha kupanua, kilipita vyote vitatu kikagonga meza tupu, na mkono mzima ukabaki pale ukicheza kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Vitufe akautazama. Kisha akainua macho taratibu, akaona kwamba kitambaa cha kichwa alichofunga dada yake kimeshushwa upande mmoja kufunika sikio, na kwamba sikio lile limevimba, limeiva kama zambarau.

Hakupata nafasi ya kuuliza. Fundi Geti alikuwa amesimama mlangoni na tabasamu lake.

"Shemeji! Leo umetuletea madirisha gani?" Akamshika mkono wa salamu. "Mimi yangu yanazuia wezi. Haya ya kwako ya kwenye kioo, yanazuia nini?"

Aliubana mkono ule huku akicheka, akaubana mpaka vifundo vikalia. Vitufe alikuwa mwembamba, mikono yake ilikuwa ya kushika penseli. Machozi yakamlenga.

"Bado sijajua, shemeji," akasema. "Lakini nitajua."

Kesho yake alirudi mchana, saa ambazo Fundi Geti yuko karakana. Alimwambia dada yake avue kitambaa. Dada akavua. Akamwambia ainue blauzi kidogo upande wa ubavu. Hapo dada akakataa, na kukataa kwake kukamweleza yote. Vitufe akakaa chini sakafuni. Kwanza akasema atamwendea mtu yule huko huko karakana, mbele ya vijana wake, amvunje meno. Dada akamwambia atakunjwa kama waya wa kufungia kuni. Akasema basi waende polisi. Dada akamwambia alikwishakwenda mwaka juzi, askari wa zamu akamwita mumewe waje wayamalize kifamilia, kwa kuwa ndiye aliyewachomelea mlango wa mahabusu, na yaliyomkuta usiku ule hawezi kuyasimulia.

Ndipo akamweleza habari za barua. Shangazi yao alikuwa na nyumba mji mwingine, na alikwishasema chumba kipo. Jumamosi ya wiki ile Fundi Geti angekwenda mbali kusimika lile geti la maua, na shangazi angetuma gari. Kilichobaki ni kupatana saa na mahali pa kukutana. Simu haikufaa, maana mume aliikagua kila siku, jina kwa jina. Kompyuta hakuikagua kwa kuwa hakuijua. Aliona tu kilicho wazi kwenye kioo anapoingia.

"Kwa hiyo nataka kitufe," dada akasema. "Nikikigusa na mkono huu huu wa woga, kisinikose. Ndicho nilichokuwa nakuomba siku zote, ila sikuwa na namna ya kukisema."

Vitufe alirudi ofisini akafanya kazi kama mtu anayezima moto. Alihamisha kitufe cha kuficha, akakiweka peke yake upande wa kushoto, kipana, mbali na vile viwili. Akaondoa madoido yake aliyokuwa akijivunia, yale ya dirisha kujikunja kama kitambaa na kuteremka chini polepole, kwa sababu yalichukua muda wa kuvuta pumzi, na pumzi moja ilitosha mtu kuvuka kizingiti. Akalifanya dirisha lililofichwa lisiache hata jina lake chini ya kioo. Mkuu wa ofisi alipouona mpangilio ule akauliza nani kamwaga vitufe. Wakabishana. Mkuu akasema hakuna mfumo wowote duniani uliokaa hivyo, watumiaji watawacheka. Vitufe, ambaye hakuwahi kupandisha sauti pale, akapiga meza mpaka kikombe kikaanguka na kupasuka, akasema acha wacheke, wako salama wanaocheka. Mkuu akasema basi toleo hilo liende kwa Bi Kidole peke yake, wengine wabaki na la zamani.

Likaja kwa Bi Kidole, na likafanya kazi. Geti lilipolia, mkono ulitetemeka vile vile, lakini kitufe kilikuwa kikubwa kinausubiri, na barua ikatoweka kama haikuwahi kuwepo. Fundi Geti aliingia akakuta mageti na bei zake. Ijumaa jioni alisimama nyuma yake muda mrefu, mkono wake ukiwa juu ya shingo ya mkewe, kidole gumba kikipanda na kushuka kwenye koromeo, akisoma hesabu za mabati kwenye kioo. Mke hakumeza hata mate. Barua ilikuwa pale pale, nyuma ya mabati, na mume hakuiona.

Siku hiyo hiyo umeme ulikatika ghafla. Kompyuta ikazimika, chumba kikawa giza, na mke akashukuru moyoni. Kwake yeye kilichozimwa kimezimwa, kama taa.

Lakini Vitufe alikuwa amesahau jambo moja, na ni jambo ambalo angelisahau mtu wa kazi yake tu. Miezi ya nyuma, ndugu waliokuwa wakijaribu mfumo walilia kwamba umeme ukikatika wanapoteza kazi zao. Kwa huruma akawawekea kitu kwenye matoleo ya majaribio: mashine ikizimika kwa ghafla, siku itakapowashwa mfumo urudishe kila dirisha lililokuwepo, lililo wazi na lililofichwa, yote yawe mbele ya mwenyewe asije akapoteza hata neno. Watu walimshukuru sana. Alipolitengeneza toleo la dada yake alishughulika na kuficha, hakukumbuka kabisa kurudisha. Mfumo ukabaki na uaminifu wake.

Jumamosi asubuhi Fundi Geti alikuwa amekwisha kupakia geti la maua kwenye gari la kukodi. Mkewe alikuwa uani anafua, akifua nguo za mume ili mume aone zinafuliwa. Dereva akapiga honi. Fundi Geti akakumbuka kwamba hakuchukua karatasi ya makadirio. Akaona uvivu kumwita mke aliyelowa maji. Alikwishamwona mara nyingi akibonyeza kitufe cha kuwashia, akaingia ndani akawasha mwenyewe.

Kompyuta ikaamka, ikaanza kurudisha madirisha moja baada ya jingine, kwa adabu. Mageti. Risiti. Mabati. Mwisho kabisa, juu ya yote, ikarudisha barua.

Fundi Geti hakuwa msomaji wa haraka. Alisoma akifuatisha kwa kidole. Dereva alipiga honi mara ya pili. Fundi Geti akatoka, akamwambia kwa upole apakue geti, safari imeahirishwa, kuna shughuli imejitokeza nyumbani. Kisha akaenda mpaka mlango wa uani, akamwita mkewe kwa jina la mapenzi ambalo hakulitumia tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

Mke akajua. Alisimama na povu mpaka viwikoni, akatazama ukuta wa ua uliopandwa vipande vya chupa, akatazama mlango, na katikati ya mlango alikuwa amesimama yeye.

Hakumpigia uani. Alimvuta ndani kwa nywele, akafunga milango yote miwili kwa makomeo aliyoyachomelea mwenyewe. Akamkalisha mbele ya kioo akamwamuru asome kwa sauti. Alisoma. Kila alipofika mwisho wa sentensi uso wake uligongwa mezani. Sentensi ya tatu ilimtoa jino. Alipofika mahali palipoandikwa gari litasubiri nyuma ya ghala la nafaka, sauti haikutoka tena, ikawa damu na mate tu, na mume akasema kama hawezi kusoma basi asimwandikie mtu maisha yake. Akamnyanyua kwa koo akambandika ukutani. Miguu ilitafuta sakafu isiipate. Aliona kioo cha kompyuta kikiwa mbali sana, kidogo, kama kimefichwa.

Mlango wa mbele ukagongwa. Alikuwa Vitufe, aliyekuja mapema kumsaidia dada yake kubeba begi. Alikuta gari la kukodi nje, geti la maua limeegemezwa ukutani, dereva anashangaa. Akasikia kishindo. Komeo lilikuwa imara, la Fundi Geti halikuwahi kuvunjwa na mwizi yeyote. Lakini dirisha la jikoni lilikuwa bado halijawekwa nondo, maana fundi nyumba yake huimalizia mwisho. Vitufe akalipasua kwa tofali, akajipenyeza, vioo vikimchana tumbo na mapaja, akaanguka juu ya masufuria.

Alipoingia chumbani alikuwa amelowa damu yake mwenyewe. Akaiona barua imejaa kioo. Akamrukia shemeji yake mgongoni, akamng'ata sikio, akaning'inia hapo kwa meno kama mbwa. Fundi Geti akanguruma, akamwachia mke. Wakazunguka chumba kizima. Kabati likaanguka, kiti kikavunjika. Vitufe alipiga kwa ngumi zile za penseli, akapiga pua, akapiga macho, na kwa muda mfupi ilionekana kama hasira inaweza kushinda misuli.

"Toka, dada," akasema. "Toka sasa hivi."

Nyuma ya mlango palikuwa na mabomba ya chuma ya pembe nne, mabaki ya karakana. Fundi Geti alinyoosha mkono bila kuangalia, kama mtu aliye kazini kwake, akashika moja. Pigo la kwanza lilimpata Vitufe begani, likaupasua mfupa, ukasikika. La pili akakinga kwa mkono, na mkono ukapinda mahali pasipo na kiungo. La tatu lilishuka kichwani. Vitufe alikaa chini taratibu, akamtazama dada yake kama anayetaka kumuuliza kitu, halafu akalala ubavu.

Bomba liliinuliwa tena.

Dada hakutoka. Chini ya meza ilikuwepo stabilaiza ya kompyuta, sanduku la chuma lenye uzito wa jiwe la kusagia. Aliichomoa na nyaya zake, akainyanyua kwa mikono miwili, akaipigiza kwenye kifundo cha mkono ulioshika bomba. Bomba likaanguka. Akaipigiza gotini, goti likaingia ndani. Mume akaenda chini akipiga kelele, na mke akaiinua tena juu ya kichwa chake. Hapo aliona mambo mawili kwa pamoja: kile kichwa, na kifua cha mdogo wake ambacho bado kilipanda na kushuka. Akaitupa stabilaiza pembeni. Akafungua komeo, akatoka nje na uso ule ule, mbele ya mtaa mzima, akamwambia dereva alete gari.

Majirani waliingia wakamfunga Fundi Geti kwa waya wake mwenyewe. Wengine walilia. Mama mmoja aliyekuwa anatazamana nao geti kwa geti alirudia kusema hatukujua, hatukujua, mpaka mumewe akamwambia anyamaze, walijua.

Vitufe alisafiri nyuma ya gari la kukodi, kichwa chake mapajani mwa dada yake. Njiani alifumbua jicho moja. Midomo ilikuwa inacheza, akainamia kumsikiliza.

"Nilikiacha kile cha kurudisha madirisha," akasema. "Nilisahau kukizima."

"Nyamaza, mdogo wangu. Kitufe chako kilikaa vizuri. Mimi si nimetoka?"

"Umetoka?"

"Nimetoka. Tazama, hili ni gari."

Alitazama. Hospitali walimpokea, wakamfunga, wakamwingiza chumba cha upasuaji, na kabla ya jua kuzama daktari akatoka akiwa ameshika kofia yake mkononi.

Msiba uliwekwa kwa wazazi wao. Dada alikaa mkekani, taya limefungwa kwa kitambaa, jicho moja limeziba. Hakulia kwa sauti, taya halikumruhusu. Mkuu wa ofisi alikuja na wenzake wote, wakakaa kwenye viti vya kukodi, wakawa hawajui mikono yao waiweke wapi. Ilikuwa mara yao ya kwanza kumwona Bi Kidole. Mkuu alimwambia kwa shida kwamba vitufe vitakaa kama mdogo wake alivyoviacha, vimetengana, na hakuna atakayeviunganisha tena. Na kile cha kurudisha madirisha, akasema, wamekifuta kabisa.

Dada akatikisa kichwa. Alizungumza polepole, akisukuma maneno katikati ya meno yaliyobaki. Alimwambia wasikifute. Kuna watu umeme ukikatika wanapoteza kazi ya siku nzima, na mdogo wake aliwaonea huruma. Ila mfumo uulize kwanza kabla ya kurudisha chochote. Na unapouliza, usitaje kilichokuwemo.

Mkuu akatoa kalamu akaandika kiganjani mwake, kisha akainuka akaenda nyuma ya nyumba, akasikika anapenga kamasi muda mrefu.

Baada ya maziko wakaja watu wa upande wa pili, mama mkwe na baba mdogo wa mumewe. Shangazi hakutaka waingie, ila dada akasema waache. Baba mdogo alikuwa mtu wa maneno laini. Alisema yaliyotokea yametokea, ni shetani, na aliyekufa hafufuki kwa mwingine kunyongwa. Akasema askari wanasubiri maelezo ya mtu mmoja tu aliyekuwemo chumbani. Kama mtu huyo angesema kwamba mashemeji wawili waligombana, mmoja akateleza akajigonga kwenye kona ya kabati, hapo ukoo wote ungepona. Nyumba ingebaki kuwa yake, na karakana pia.

"Mashemeji hugombana," akamalizia. "Dunia nzima inajua."

Dada alikuwa akimtazama mama mkwe, ambaye hakuwa amesema neno tangu aingie.

"Mama," akamwita. "Ulikuwa unajua?"

Mwanamke yule alikunja na kukunjua ncha ya nguo yake. Alikuwa mzee sasa, na dada aliona kwa mara ya kwanza kwamba pua yake imepinda, na kwamba haikuzaliwa hivyo.

"Baba yake naye alikuwa hivyo," mama mkwe akasema. "Mimi nilinyamaza. Nilidhani akiona nimenyamaza, atajifunza upole."

Baba mdogo akamkatiza, akamwambia hayo si ya kuzungumzwa hapa. Mama mkwe akainuka bila kumtazama, akajifunika vizuri, akasogea mpaka mkekani. Alimwekea mkwewe kiganja juu ya kichwa, akakiacha pale kidogo, halafu akatoka peke yake. Baba mdogo ikambidi amfuate.

Kesho yake shangazi alimpeleka kituoni kwa gari lile lile lililokuwa limesubiri bure nyuma ya ghala la nafaka. Begi lilikuwa nyuma ya kiti. Kutoka hapo wangekwenda moja kwa moja, bila kurudi nyumbani kuchukua hata kijiko. Askari wa zamu alikuwa mwingine, mwanamke wa makamo mwenye sauti kavu, na dada alishukuru kwamba hakuonewa huruma. Nyuma ya kaunta ulionekana mlango wa mahabusu, umechomelewa safi, rangi yake bado inang'aa, na nyuma ya mlango huo mtu alikuwa akikohoa kikohozi anachokijua.

Kidole kilianza kucheza. Akakiweka juu ya kaunta mahali kinapoonekana, akakiacha kicheze.

"Haya," askari akasema, kalamu mkononi. "Jumamosi asubuhi. Ulikuwa wapi?"

"Tusianzie Jumamosi."

"Tuanzie wapi?"

"Wiki ya pili ya ndoa," dada akasema, kwa sauti ya kufika mpaka nyuma ya mlango. "Chai ilikuwa imepoa."

Kikohozi kilikatika. Askari akamtazama, akavuta karatasi nyingine juu ya ile ya kwanza, akaanza kuandika.